Wivu Uliofukiza Ghala

Muuza nafaka akiambiwa mbele ya wateja kwamba choroko zake zina wadudu, ana njia mbili: kukana au kuja juu. Mizani alizitumia zote kwa pumzi moja.

"Dada, hapa hakuna wadudu! Na hata kama wapo, hawakuanzia kwangu!"

Ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, soko limejaa hadi mtu akitaka kujikuna inabidi kwanza amwombe jirani nafasi. Dada mwenyewe alikuwa amezamisha mkono kwenye gunia mpaka kiwiko. Gauni lake la bluu lilikuwa limekwisha shika vumbi la kunde kiunoni, nywele amezifunga kwa kitambaa cha manjano, na shingoni, pale ambapo wenzake huvaa mkufu, alining'iniza lenzi ndogo kwa kamba nyeusi. Wala hakuwa amelalamika. Alikuwa amepiga ukelele wa furaha, kama mtu aliyekutana na binamu yake stendi.

"Huyu umempata wapi, kaka?" Kwenye ncha ya kidole chake palikuwa na kitu cha kahawia, saizi ya punje ya ufuta, kinatembea.

"Huyo ni fukusi tu."

"Fukusi ana pua ndefu. Pua ya huyu iko wapi?"

Mizani alitazama. Miaka kumi na miwili kwenye nafaka, hajawahi kuitafuta pua ya mdudu. Mteja mmoja alirudisha mfuko wake taratibu, kama mtu aliyekumbuka kuwa nyumbani kuna choroko nyingine.

"Dada yangu, nakuomba, punguza sauti. Ukitaka kumsifia, njoo umsifie huku ndani."

Ndani ni ghala lake nyuma ya kibanda, magunia yamepangwa mpaka darini, mwanga unaingia kwa dirisha moja la wavu. Huko dada alijieleza. Kazi yake ilikuwa kuainisha mbawakawa, wale wadudu wenye ganda gumu juu ya mabawa, kwenye taasisi ya utafiti iliyo vituo viwili vya basi kutoka sokoni. Kuainisha maana yake ni kumtazama mdudu mpaka umjue ni wa ukoo gani, na ndani ya ukoo ni nani hasa. Wa kwenye kidole chake hakumfahamu. Na yeye, alisema bila majivuno, alikuwa akiwafahamu karibu wote wanaokula nafaka.

"Weka lenzi jichoni. Siyo hivyo. Lenzi haitoki jichoni, mdudu ndiye anayesogezwa." Akamshika kifundo cha mkono akamwelekeza.

Mizani akaona. Kile kijiuchafu kilikuwa na manyoya ya dhahabu, madoa meupe mgongoni, na vipapasio kama shanga zilizotungwa na mtu mwenye subira. Akaona na kucha za dada, fupi, safi, zinanukia sabuni na spiriti. Cha pili ndicho kilichomkosesha usingizi.

"Una mume, daktari?" aliuliza, bado jicho limebana lenzi.

"Hesabu kwanza pingili za kipapasio."

"Kumi na moja."

"Sina," alisema dada, akamnyang'anya lenzi.

*

Soko lilimpa jina siku hiyohiyo: Daktari wa Dudu, baadaye Daktari tu. Alikuja kila Jumanne na Ijumaa baada ya saa nane, na kichupa cha spiriti, brashi ya kuchorea na kibano. Mizani alimtengea magunia sita ya kona akaacha kuyauza. Mtu ambaye soko zima lilimwita Mizani kwa sababu hapunji wala haongezi, leo ana mali imekaa kona inaliwa na wadudu, naye anaichungulia kila asubuhi kama ina homa.

"Wameamkaje?" Daktari alipiga simu kabla hata hajanywa chai.

"Wameamka salama, wanakusalimu. Na mwenye nyumba yao je, hasalimiwi?"

"Mwenye nyumba yao namsalimia mwisho, ili nikae naye zaidi."

"Ongea hivyo tena."

"Nina kazi, laazizi. Nenda kauze."

Walikula machungwa wamekaa juu ya magunia, Daktari akamfundisha kutazama paja la mguu wa nyuma, ambako mdudu huyu alikuwa na jino moja kubwa na mawili madogo, kama msumeno wa mtoto wa seremala. Hakuna mwenzake aliyejulikana kuwa na jino la namna hiyo. Lakini shida ilikuwa moja. Wote aliowapata walikuwa majike. Mbawakawa wadogo hufanana mno, alimweleza, na wa kuthibitisha ni dume: unampasua, unatoa kiungo chake cha uzazi, unakilinganisha na vya ndugu zake. Bila dume, wakubwa wa fani watamwambia ana jike la ajabu tu, akalale.

"Kwa hiyo miezi yote hii unatafuta dume," alisema Mizani.

"Natafuta."

"Na mimi nimekaa hapa."

Daktari alicheka mpaka chungwa likamwanguka, na wapagazi wawili waliokuwa mlangoni wakaambukizwa kicheko bila kujua kisa.

Mama Mayai, jirani wa kibanda cha kushoto, hakucheka. Huyo ni mama wa watu wote pale sokoni, anauza mayai na habari, na habari zake hazivunjiki njiani.

"Mwanangu, nikuulize," alisema siku ile jioni, anafunga trei zake. "Huyu binti anakuja kwako, au anakuja kwa wadudu wako?"

"Mama, hiyo ni moja."

"Si moja. Siku wadudu wakiisha ndiyo utajua."

Alisema akaenda zake kupika. Maneno yakabaki na Mizani.

*

Wivu ulikuwa umekwisha pata kiti. Kilichobaki ni mtu wa kuusimamisha.

Alikuja Jumanne moja pamoja na Daktari: mwembamba, mrefu, shati jeupe lenye kalamu tatu mfukoni, miwani ya duara. Mfanyakazi mwenzake. Yeye ndiye fundi wa kupasua, alisema Daktari, mkono wake hautetemeki hata akipiga chafya. Mizani akampa mkono akauminya zaidi ya ilivyohitajika. Moyoni akamwita Miwani, na hilo lilikuwa jina la heshima kati ya yote aliyomwita moyoni.

Miwani alikaa kwenye gunia alilokuwa akikaa Mizani. Walizungumza lugha yao ya pingili na madoa, huyu anaanza sentensi yule anaimalizia. Mizani alileta soda mbili badala ya tatu. Hakuna aliyegundua, na hilo lilimuuma kuliko kama wangegundua.

Wiki ile alivaa suruali ya kitambaa na shati la pasi, akanunua kilo mbili za zabibu, akaenda taasisini bila kupiga simu. Mlango wa maabara ulikuwa wazi. Ndani, juu ya hadubini moja, palikuwa na vichwa viwili vimeinamiana, kitambaa cha manjano kimegusa miwani.

"Polepole," Daktari alikuwa akinong'ona. "Polepole, usimvunje."

"Nimewahi kuvunja?"

Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu waliozoeana.

Mizani aliziacha zabibu kwa mlinzi. Mlinzi, kwa kuwa hakuambiwa ni za nani, alizila.

Jioni alipiga simu. Ikapokewa na sauti ya kiume.

"Mikono yake imeshika pini, kaka. Anasema atakupigia."

"Na wewe mikono yako imeshika nini?"

"Simu," alisema Miwani kwa upole, asijue aliloulizwa.

Daktari alipiga baadaye kama alivyoahidi. "Mpenzi, nisamehe, leo tumechoka sisi! Tumepasua wanane, wote majike."

*Tumechoka sisi.* Mizani aliigeuza sentensi hiyo kama shati analotafutia doa.

"Pole," alisema. "Poleni nyote wawili."

"Una nini?"

"Sina kitu. Ningekuwa na kitu ungekuja kukitazama kwa lenzi."

"Mizani!"

Mizani akakata simu. Baadaye alimwambia salio liliisha. Salio lilikuwepo.

*

Sasa hapa ndipo mtu aliyejaliwa akili zake zote, asiyewahi kukosea hata gramu, alipofanya alichofanya. Aliwaza hivi: kama anakuja kwangu, atakuja hata wadudu wasipokuwepo. Kama anakuja kwa wadudu, heri nijue leo, kabla sijazeeka nikichekewa. Wala hakumwambia mtu. Jumamosi alinunua vidonge vya gesi ya kufukizia wadudu, akafunika magunia yote kwa turubai, yale sita yakiwa katikati, akaziba kingo kwa mchanga, akaziba mlango kwa karatasi ya gundi, akaandika HATARI, DAWA kwa chaki nyekundu. Mama Mayai ilibidi ahamishie trei zake ng'ambo ya njia, analalamika hatua kwa hatua.

Jumatatu Daktari alipiga. Sauti yake ilikuwa na kicheko kilichofichwa mgongoni.

"Kesho nakuja mapema, moyo wangu. Nina jambo la kukuambia, siyo la simu."

"Karibu. Ila hakuna wadudu. Nimefukiza."

Nyuma ya Daktari ilisikika feni ya maabara ikizunguka.

"Umefukiza nini?"

"Ghala lote."

"Na ya kona?"

"Hasa ya kona."

"Lini?"

"Juzi."

"Utafungua lini?"

"Alhamisi. Kesho unakuja bado?"

Daktari alikata. Jumanne hakuja. Kuanzia saa nane Mizani alikaa mbele ya kibanda na shati lake la pasi, akamtazama kila mwenye kitambaa cha manjano, na siku hiyo ilionekana mji mzima umegawiwa vitambaa vya manjano. Saa kumi na mbili akafunga. Alikuwa amepata jibu lake, na jibu hilo halikumfurahisha hata kidogo.

"Si nilikuambia?" alisema Mama Mayai. Kisha akamwona uso, akamsogezea kigoda. "Kaa, mwanangu. Nami mdomo wangu huu, siku moja utaniponza."

*

Alhamisi, turubai halijamaliza kukunjwa, Daktari alifika. Miwani nyuma yake amebeba shuka jeupe na chekeche tatu. Daktari alivaa suruali ya kazi na shati la mikono mirefu, macho yamevimba, na hakumsalimia Mizani ila kwa lile neno ambalo mtu humsalimia nalo mwenye ghala.

"Tunaomba kumwaga magunia."

Mizani alimwaga mwenyewe. Alikataa wapagazi. Aliyatoa uani kwenye jua, moja baada ya jingine, akayachekecha juu ya shuka, na kile kilichopita kwenye matundu kikawa vumbi, maganda na vijiuchafu vya kahawia, vimelala chali. Watu wakajaa. Mmoja akauliza kwa sauti kama hizo ndizo choroko alizonunua juzi. Mizani aliendelea kuchekecha, jasho linamdondokea puani. Daktari amepiga magoti kwenye shuka, lenzi jichoni, anaokota kwa brashi yenye unyevu, anahesabu kwa midomo.

Gunia la tano, chini kabisa, ambako mkono wa mtu haufiki, Miwani aliinua kichwa.

"Njoo utazame."

Daktari akatazama. Akatazama tena. Akakaa chini kwenye vumbi.

"Dume," alisema. "Na huyu. Na huyu. Kumbe walikuwa wanakaa chini, huku juu wanapanda majike peke yao."

Umati ukashangilia bila kujua unashangilia nini, kama kawaida ya umati. Mizani alishangilia kuliko wote. Aliona Mungu amemwepushia balaa, akamsogelea Daktari, akainama.

"Umeona, mpenzi? Wamekufa lakini wamepatikana. Hukupoteza kitu."

Daktari alifunga kichupa. Alisimama, akajipangusa magoti, akamvuta pembeni nyuma ya turubai, pale ambapo Mama Mayai angelazimika kujitahidi kidogo kusikia.

"Wadudu waliokufa nawataka," alisema. "Ningewaua mwenyewe kwa spiriti. Sikulilia wadudu. Kwa nini ulifukiza bila kuniambia?"

"Walikuwa wanakula mali."

"Miezi minne wanakula mali."

Mizani akatazama viatu vyake.

"Nilitaka kujua kama ungekuja kwa ajili yangu."

"Basi ungeniuliza! Nina mdomo, una simu. Badala ya kuniuliza mimi umewauliza wadudu." "Unajua Jumanne nilikuwa nakuja kukuambia nini? Kwamba mama amekubali uje nyumbani akuone. Nilimshughulikia wiki tatu. Sasa nimwambie nini? Kwamba mchumba wangu akiwa na shaka, anafukiza?"

Aliondoka na Miwani wake, shuka na madume yake saba.

*

Siku tisa simu haikulia. Mizani alipima kilo zikawa pungufu, wateja wakamrudishia, jambo ambalo lilifanya soko zima liongee kwa minong'ono kama msibani. Mama Mayai alimtetea mchana na kumgombeza jioni.

"Nenda," alimwambia siku ya kumi.

"Nikaseme nini?"

"Usiseme. Kaulize. Nami safari hii sitaki kujua." Huo ulikuwa uongo, lakini ulisemwa kwa nia njema.

Alienda na nguo zake za kazi, vumbi la maharage begani. Maabara ilikuwa na Daktari peke yake, ameinamia hadubini, mbele yake kisanduku cha mbao chenye safu za pini, na kwenye kila pini kikadi kidogo chenye mdudu mmoja amegandishwa, na chini yake karatasi nyembamba yenye maandishi madogo: mahali, tarehe, aliyekusanya.

"Nimekuja kuuliza," alisema Mizani mlangoni.

Daktari hakuinua kichwa. "Uliza."

"Huyu bwana wa miwani ni nani kwako?"

"Mwenzangu wa kazi. Mwaka juzi alinichumbia, nikakataa. Alikasirika mwezi mzima, akapoa, tukaendelea kupasua. Ungeniuliza siku ya kwanza ningekuambia siku ya kwanza."

Wivu ulimchoma Mizani palepale. Kumbe hakuwa mwendawazimu kabisa! Alifungua mdomo atetee wivu wake, akaufunga. Hilo lilimgharimu.

"Asante kwa kuniambia," alisema.

Sasa Daktari akainua kichwa. Kisha, jambo la ajabu, akaanza kuona haya. Akavuta daftari lake la kazi.

"Nami sina usafi wa kujivunia," alisema. "Soma hapa."

Ukurasa ulikuwa wa vipimo vya mbawakawa. Pembeni, kwa mwandiko uleule nadhifu, pameandikwa: *Jike. Urefu wa wastani. Kitenge cha zambarau, hereni kubwa. Huonekana kibandani kwa M. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Hununua robo kilo. Hucheka sana.*

Mizani alisoma mara mbili.

"Umemwainisha mteja wangu?"

"Nani anakula choroko robo kilo mara tatu kwa wiki?" Daktari aliuliza, na miezi minne ya kunyamaza ikamtoka kwa pamoja. "Nani? Mbona hanunui kilo nzima akae kwake? Na kile kicheko! Choroko zinachekesha nini?"

"Ana mgahawa mdogo," alisema Mizani. "Hana pa kuhifadhi, panya wanamsumbua. Na anacheka kwa sababu mume wake ni yule mpagazi mwenye bega moja chini, wanataniana kupitia kwangu."

"Yule? Mume wake?"

"Watoto watatu."

Daktari alichukua kalamu akafuta maandishi yote, mstari kwa mstari, kwa umakini wa mtu wa sayansi anayekubali kosa. Masikio yamemwiva.

"Mbona hukuniuliza?" alisema Mizani, na hakuweza kuzuia chembe ya ushindi kwenye sauti.

"Nyamaza."

"Mimi nilifukiza, wewe uliandika."

"Nyamaza, nimesema." Lakini alikuwa anacheka, mkono umefunika uso.

Mizani alisogea karibu na meza, akiwa mwangalifu asiguse kisanduku.

"Nina swali lingine."

"Umezoea vibaya."

"Utanikubali nije kwa mama yako? Siyo kutazamwa tu. Nije na wazee wangu, nikuombe."

Daktari alimtazama toka kwenye vumbi la mabegani mpaka kwenye viatu, kichwa kimeinama upande, kama anavyomtazama kiumbe asiyemjua bado.

"Katika kazi yangu," alisema polepole, "hatuamui kwa sampuli moja. Inatakiwa nyingi, za umri mbalimbali, ulinganishe."

"Nyingine huzipati. Iko hii moja tu, ina wivu, na inapima sawasawa."

"Inapima sawasawa? Wapagazi wameniambia wiki hii umepunja mji mzima."

"Basi umeulizia habari zangu!"

"Nimeulizia," alisema Daktari. "Mtu huuliza." Akavua glavu, akasogeza kiti cha pili karibu na hadubini. "Jumapili. Mje mchana, mama hapendi wageni wa jioni. Na sasa kaa hapa unisaidie, dume la mwisho bado halijaandikiwa karatasi, na mkono wangu leo unatetemeka."

Mizani akakaa, akashika kalamu nyembamba kama sindano. Aliandika mahali, akaandika tarehe, na alipofika kwa aliyekusanya akasita.

"Hapa niandike nani?"

"Andika majina yetu," alisema Daktari, akamwegemea begani. "Yote mawili. Lakini andika madogo, nafasi haitoshi."